Takwimu, Uwazi na Mamlaka ya Umma: Kujikosoa Kuhusu Hesabu za Fedha za Wananchi

UTANGULIZI

Kuna wazo lililoota mizizi miongoni mwa viongozi wetu wa ngazi mbalimbali, na miongoni mwetu sisi wakufunzi wa siasa pia, kwamba ubadhirifu wa mali ya umma ni ugonjwa wa vitabu vya hesabu. Kwa mujibu wa wazo hilo, mwizi alistawi kwa sababu leja ziliandikwa kwa mkono, hati za malipo zilipotea, na mhasibu mmoja aliweza kuufungia kabatini ukweli wa wilaya nzima. Basi tukiweka kompyuta mahali pa leja, na tukiwafundisha vijana wetu kuchambua takwimu, mwizi atakosa pa kujificha na uwazi utakuja wenyewe.

Wazo hili halifai kupuuzwa, kwa sababu nusu yake ni kweli. Lakini nusu ya pili ni hatari, maana inamwondoa mwananchi katika mapambano na kumweka fundi mahali pake. Katika makala haya tunakusudia kulichambua wazo hilo. Tutaanza na kosa letu wenyewe, kwa kuwa asiyejikosoa hana haki ya kukosoa. Kisha tutatazama mfano wa jirani zetu wa Uganda, ambao duniani kote umesifiwa kuwa ushahidi wa nguvu za takwimu, tuone umefundisha nini na umefichwa nini. Baadaye tutaeleza kazi yenyewe ya uchambuzi inavyofanyika, na mwisho tutauliza swali ambalo kwa maoni yetu ndilo la msingi: nani mwenye haki ya kujumlisha na kutoa?

KOSA LETU

Miaka michache iliyopita tulikuwa tukiendesha semina ya viongozi wa kata na vijiji. Somo lilikuwa usimamizi wa ruzuku ya uendeshaji wa shule za msingi. Tulikuwa na karatasi iliyochapwa kutoka katika mfumo wa malipo, yenye majina ya shule na fedha zilizopelekwa kwa kila moja. Tuliisoma kwa kujiamini. Mama mmoja, mjumbe wa halmashauri ya kijiji chake, alisimama akasema, "Ndugu mkufunzi, shule yetu hiyo uliyoitaja haijapata fedha hiyo. Walimu wananunua chaki kwa mishahara yao."

Tulimjibuje? Tulimwambia kwamba takwimu zimetoka katika mfumo, na mfumo haukosei. Kama fedha haionekani shuleni, basi akamuulize mwalimu mkuu. Washiriki wengine walicheka. Mama yule aliketi, na siku mbili zilizobaki hakusema neno tena.

Baadaye ilibainika kwamba wilaya ile ilikuwa na shule mbili zenye jina moja, katika kata mbili tofauti. Ni moja ya majina yale tunayoyapenda, yaliyopewa shule nyingi katika nchi yetu. Fedha za shule zote mbili zilikuwa zikiingia katika akaunti ya moja. Benki ililipa kweli, mfumo uliandika kweli, na karatasi yetu ilisoma kweli. Shule iliyopata mara mbili ilinyamaza. Shule iliyokosa ilidhani Serikali imechelewa. Mwalimu mkuu ambaye tulimtia doa mbele ya watu hakuwa ameiba hata senti moja.

Tunalisimulia jambo hili kwa sababu ndani yake mna somo zima. Namba ilikuwa kweli, lakini maana tuliyoipa ilikuwa uongo. Mtu pekee ukumbini aliyekuwa na ushahidi wa kuusahihisha uongo huo alikuwa mama yule, na sisi, tunaolipwa kuwafundisha watu kusema, tulimnyamazisha. Urasimu si lazima uvae suti na kukaa nyuma ya meza kubwa. Unaweza kushika chaki na kujiita mwalimu wa siasa.

SOMO LA UGANDA

Sasa tutazame mfano uliosifiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ya Uganda iliongeza fedha za elimu ya msingi, lakini takwimu rasmi zilionyesha kwamba idadi ya watoto shuleni haiongezeki. Watu wakajiuliza: fedha zinakwenda wapi? Mwaka 1996 ukafanyika uchunguzi katika shule 250 za msingi. Wachunguzi hawakuridhika na vitabu vya makao makuu. Walichukua hesabu ya fedha zilizotolewa na Serikali Kuu kati ya mwaka 1991 na 1995, wakaenda shuleni kutazama zilizopokelewa, kisha wakatoa moja kwa nyingine.

Matokeo yake yalitikisa. Kwa wastani ni asilimia 13 tu ya ruzuku ya uendeshaji, ile isiyo ya mishahara, iliyofika shuleni katika miaka hiyo. Shule nyingi hazikupata kitu. Fedha ziliishia katika ngazi ya wilaya. Na jambo la pili halikutarajiwa: idadi ya watoto ilikuwa imeongezeka kwa kiasi cha asilimia 60, ila takwimu rasmi hazikuwaona. Yaani vitabu vya Serikali viliandika fedha ambazo hazikufika, na havikuandika watoto waliokuwako.

Tunawaomba wasomaji watambue urahisi wa hesabu iliyotumika. Ilikuwa hesabu ya kutoa, ile wanayofundishwa watoto wa darasa la pili. Ugumu ulikuwa katika kukubali kwenda kwenye ncha ya pili ya bomba. Mkono unaotoa siku zote una kumbukumbu nzuri, maana kumbukumbu hizo ndizo kinga yake. Mkono unaopokea, au usiopokea, mara nyingi hauna karatasi. Uchunguzi wowote wa fedha za umma unaoishia kwenye mkono unaotoa, hata ukifanywa kwa kompyuta za namna gani, ni kukariri tu kauli ya mtoaji.

Baada ya matokeo hayo Serikali ya Uganda ilianza kutangaza magazetini fedha zilizopelekwa kwa kila wilaya, ikaagiza pia shule zibandike ukutani fedha zilizopokea. Watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson, waliokuwa wakifanya kazi na Benki ya Dunia, walirudi na kukuta kwamba hadi mwaka 2001 zaidi ya asilimia 80 ya ruzuku ilikuwa inafika. Walionyesha pia kwamba shule zilizokuwa karibu na mahali gazeti linapouzwa zilinufaika zaidi, kwa sababu walimu wakuu wake walijua kiasi wanachostahili na wakati wa kukidai. Habari hii ikaenea ulimwenguni kwa sentensi moja: gazeti limeshinda wizi.

Hapa ndipo uhakiki wetu unapoanza. Mwaka 2007 mtafiti mwingine, Paul Hubbard, alikumbusha kwamba gazeti halikufanya kazi peke yake. Katika miaka hiyohiyo Uganda ilikuwa imeanzisha elimu ya msingi kwa wote, mwaka 1997. Fedha zilikuwa zimeongezwa. Masharti ya matumizi na ya kutoa taarifa yalikuwa yamekazwa. Na Serikali Kuu ilikuwa imeamua kusimamia. Yaani kulikuwa na nguvu ya kisiasa nyuma ya karatasi iliyobandikwa. Kumsifu mbandikaji na kusahau nguvu hiyo ni sawa na kusema kwamba jogoo ndiye anayeleta alfajiri.

Lakini hata Hubbard hakumaliza kazi. Katika uchunguzi ule wa kwanza mlikuwa na jambo ambalo wasimulizi wengi hulipitia haraka, nalo ni la kitabaka. Hasara haikugawanywa sawa. Shule za jamii zenye uwezo zilipata sehemu kubwa zaidi ya haki yao, na shule za maskini zilipata kidogo au hazikupata kabisa. Kwa nini? Kwa sababu mzazi mwenye uwezo anajua mlango wa ofisi ya wilaya, anajua namna ya kuandika barua, na ofisa anamwogopa kidogo. Mzazi maskini hana hata nauli ya kumfikisha huko. Kwa hiyo tunapobandika takwimu bila kufanya jambo jingine lolote, tunaweza kumpa silaha yule ambaye tayari alikuwa na silaha. Gazeti humsaidia anayeishi karibu na muuza gazeti na anayejua kulisoma. Uwazi usioambatana na kujiandaa kwa wanyonge waweza kuwa upendeleo mwingine tu.

KAZI YENYEWE INAVYOFANYIKA

Isije ikadhaniwa kwamba tunapinga uchambuzi wa takwimu. Kada anayepinga hesabu anamtumikia mwizi. Tunachotaka ni kada aijue kazi hii, asiiogope wala asiiabudu. Njia zake kuu ni chache, na mtu yeyote mwenye elimu ya msingi anaweza kuzifahamu.

Njia ya kwanza ni kulinganisha ncha mbili, kama tulivyoona Uganda. Kilichotolewa kilinganishwe na kilichopokelewa. Kilichonunuliwa kilinganishwe na kilichopo ghalani. Darasa lililolipiwa lilinganishwe na darasa lililosimama.

Njia ya pili ni kutafuta marudio. Ankara moja imelipwa mara mbili? Akaunti moja ya benki ina majina mawili ya watumishi? Wazabuni watatu wanaodai kushindana wana namba moja ya simu? Kompyuta hupitia malipo laki moja kwa dakika chache na kuyaonyesha marudio hayo, kazi ambayo karani angeifanya mwaka mzima na bado akapitwa.

Njia ya tatu ni kulinganisha bei. Kama halmashauri mbili jirani zimenunua dawati la aina moja katika mwezi mmoja, na moja imelipa mara mbili ya nyingine, hapo pana swali. Tangu mwaka 2023 ununuzi wa umma nchini Tanzania umekuwa ukipitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, na faida kubwa ya mfumo wa namna hiyo ni kwamba bei hizo sasa zinaweza kuwekwa kando kwa kando. Zamani kila halmashauri ilikuwa kisiwa chenye faili zake.

Njia ya nne ni kutazama tarehe na ukubwa. Malipo yanayofurika wiki ya mwisho kabla ya tarehe 30 Juni, mwisho wa mwaka wa fedha, yanahitaji kuangaliwa. Vivyo hivyo kazi moja iliyokatwa vipande vingi, kila kipande kikiwa chini kidogo ya kiwango kinachodai zabuni ya wazi. Na masurufu yaliyochukuliwa yasirejeshewe stakabadhi kwa wakati ni dalili ya zamani kuliko kompyuta zote.

Njia ya tano huwashangaza wanafunzi wetu kila mwaka. Katika orodha ndefu ya malipo ya kweli yenye ukubwa mbalimbali, tarakimu ya kwanza ya kila namba haitokei kwa usawa. Moja hutangulia kiasi cha mara 30 katika kila 100, na tisa chini ya mara tano. Simon Newcomb aliliona jambo hili mwaka 1881, na Frank Benford akalipima kwa maelfu ya namba mwaka 1938. Mtu anayetunga namba kichwani hajui kanuni hiyo, naye hutawanya tarakimu kwa kadiri anavyoona inapendeza. Hivyo orodha yake humsaliti.

Lakini tukazie jambo hili: njia zote tano hutoa dalili, hazitoi hukumu. Ankara inaweza kurudiwa kwa kosa la karani. Dawati linaweza kuwa ghali kwa sababu barabara imekatika na lori limezunguka. Shule inaweza kukosa fedha kwa sababu ya jina. Takwimu humwambia mkaguzi wapi pa kwenda kuuliza. Anayechukua dalili akaifanya hukumu huku ameketi ofisini hana tofauti na sisi tulivyomtendea mwalimu mkuu yule.

TAKWIMU HUMWONA NANI?

Twende sasa kwenye swali gumu zaidi. Takwimu huchambua kile tu kilichoandikwa. Na katika jamii yenye tofauti za uwezo, walioandikwa sana ni wadogo.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Mwaka 2016 Serikali ya Tanzania ilianza kuwaondoa watumishi hewa katika orodha ya mishahara, na tarehe 28 Aprili 2017 ikatangazwa kwamba watumishi 9,932 wamebainika kuwa na vyeti vya kughushi. Njia iliyotumika ilikuwa ulinganishaji wa takwimu: kumbukumbu za watumishi zililinganishwa na kumbukumbu za Baraza la Mitihani. Ilikuwa kazi kubwa na ya haki, kwa maana kila mshahara wa kughushi ni nafasi aliyonyimwa kijana mwenye cheti halali. Hata hivyo, wapo waliokata rufaa, na mwaka 2022 Serikali iliamua kuwarudishia walioondolewa michango yao wenyewe ya hifadhi ya jamii, kwa kutambua kwamba jasho lao la miaka mingi nalo lilikuwa jambo la kweli. Uamuzi huo ulikuwa wa kibinadamu, nao haukutoka katika mashine. Ulitokana na watu kuona kwamba nyuma ya kila mstari wa orodha kuna nyumba yenye watoto.

Sasa tuulize: kwa nini cheti cha muuguzi kilionekana upesi hivyo? Kwa sababu kumbukumbu zake zote zilikuwa mikononi mwa Serikali. Mkataba mkubwa wa ujenzi au wa madini hauko hivyo. Una viambatisho vinavyoitwa siri ya biashara, una kampuni ndani ya kampuni, na mmiliki wake wa kweli huenda anaishi ng'ambo katika nchi isiyotaja majina ya wamiliki. Wavu ni uleule, lakini dagaa wananaswa na papa hawamo hata ziwani mnamovuliwa.

Wenzetu wa Brazil waliliona jambo hili waziwazi. Mwaka 2004 Serikali yao ilifungua tovuti ya kuonyesha matumizi yake kwa kila raia. Mwaka 2008 wananchi na magazeti, wakichambua kadi za malipo za Serikali, walikuta kwamba waziri wa michezo alilipia kwa kadi hiyo mkate wa unga wa muhogo, kwa reali 8 na senti 30. Nchi nzima ilipiga kelele, na waziri akarudisha fedha. Ni jambo jema. Lakini katika miaka hiyo mikataba ya shirika la mafuta la Petrobras ilikuwa ikinyonywa kwa hongo, na katika hesabu zake za mwaka 2014 shirika lenyewe lilikiri hasara ya reali bilioni 6.2 iliyotokana na ufisadi. Wizi huo haukugunduliwa na tovuti. Polisi waliokuwa wakiwafuatilia wabadilishaji haramu wa fedha ndio waliouangukia mwaka 2014. Tovuti iliuona mkate, haikuliona shirika la mafuta.

Hatusemi kwamba mkate usihesabiwe. Anayezoea kula mkate wa umma atazoea na mengine. Tunasema kwamba uwazi unaoridhika na mkate ni pazia. Umma ukishangilia dagaa kila siku hauna muda wa kuuliza kuhusu papa. Kwa hiyo kipimo cha kweli cha mfumo wowote wa uwazi ni kutazama kama unaanza na malipo makubwa na mikataba mikubwa, au unaanza na posho ya dereva.

HATI SAFI NA UKUTA WA KIJIJI

Kasumba nyingine inayotakiwa kuondolewa ni hii ya hati safi. Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutimiza wajibu aliopewa na Ibara ya 143 ya Katiba, na taarifa yake hufikishwa kwa Rais na kisha Bungeni. Halmashauri zilizopata hati safi hushangilia, na viongozi wengine huitumia hati hiyo kama cheti cha uadilifu. Si hivyo. Hati safi ina maana kwamba hesabu zimeandaliwa na kuonyeshwa kwa kufuata kanuni za uhasibu. Haisemi kwamba kila shilingi imeleta manufaa, wala haisemi kwamba hakuna aliyeiba. Kisima kilichojengwa mahali pasipo maji, kwa bei ya juu, kwa kufuata taratibu zote za karatasi, kinaweza kukaa vizuri kabisa ndani ya hesabu zenye hati safi. Mwanamke anayetembea saa mbili kwenda mtoni ndiye mkaguzi wa kisima hicho, na hati yake haijawahi kuwa safi.

Je, mwanamke huyo anayo nafasi ya kutoa hati yake? Kisheria anayo. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu, na humo mapato na matumizi husomwa. Chombo hicho tumekuwa nacho muda mrefu kabla ya kompyuta. Kwa lugha ya leo tungesema kwamba ni mahali ambapo takwimu za ncha ya kutoa hukutanishwa na ushahidi wa ncha ya kupokea, hadharani, kwa lugha ya watu. Hakuna programu iliyobuniwa inayofanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Lakini tukiri hali halisi. Katika vijiji vingi mkutano haufanyiki kwa wakati. Mahali pengine unafanyika, mtendaji anasoma haraka jumla tatu au nne, anaulizwa swali moja, anajibu kwamba maelezo yako wilayani, na mkutano unafungwa. Tangu mwaka 2017 shule na zahanati zimekuwa na mfumo wa FFARS wa kuandika hesabu zao, na malipo ya Serikali yana mifumo yake mingine. Taarifa zinapanda juu kila siku kwa kasi ya umeme. Zinazoshuka chini bado zinasafiri kwa miguu, na nyingine hazifiki. Mfumo ambamo taarifa hupanda tu ni mfumo wa kutawala. Ili uitwe mfumo wa uwazi, lazima taarifa zishuke pia, na kwa namna inayosomeka.

Jambo hili linahusu pia haki ya kupinga. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 ilirekebishwa mwaka 2018 kwa namna iliyofanya kuhoji hadharani takwimu rasmi kuwa jambo la hatari kisheria. Mwaka 2019 ikarekebishwa tena na adhabu hiyo ikaondolewa. Somo la marekebisho hayo mawili ni letu sote. Kama mama yule wa semina angeogopa faini, hata sentensi ile moja aliyoisema asingeisema, na shule yake ingeendelea kukosa chaki huku karatasi yetu ikiendelea kusema kweli. Namba isiyoweza kupingwa na anayeguswa nayo haijapata bado sifa ya kuitwa takwimu. Ni amri iliyovaa tarakimu.

Wabrazil hao hao wametufundisha upande wa pili. Kuanzia mwaka 2003 walikagua halmashauri zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, mbele ya watu, na kutangaza matokeo. Watafiti Claudio Ferraz na Frederico Finan walionyesha kwamba mameya waliofichuliwa kabla ya uchaguzi wa mwaka 2004 walipoteza kura, na walipoteza zaidi pale palipokuwa na redio ya mahali hapo. Taarifa ileile ya ukaguzi ilikuwa na makali mahali ilipotangazwa na butu mahali ilipobaki kwenye karatasi. Makali yalitoka kwa watu wenye kura, walioisikia kwa lugha yao.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Basi tufanye nini? Tusiishie kwenye lawama.

Kwanza, somo la hesabu za umma liwe sehemu ya elimu ya siasa. Kada anayeweza kueleza historia ya ukombozi lakini hawezi kusoma bajeti ya kijiji chake ni askari anayejua nyimbo za jeshi na hajui kufyatua bunduki. Katika darasa letu tumeanza kuwapa wanachuo taarifa za mapato na matumizi za vijiji wanakotoka, wakazilinganishe na kile wanachokiona wanaporudi nyumbani. Wanachuo wengine wamerudi na aibu, kwa kuwa wamegundua mambo katika vijiji ambavyo wao wenyewe ni viongozi.

Pili, kila taarifa inayopanda ishuke. Siku fedha inapoingia katika akaunti ya shule au zahanati, kiasi hicho kibandikwe ukutani kwa tarakimu na kwa maneno, pamoja na kazi iliyokusudiwa na mahali pa kulalamika. Na kila shule, zahanati na kisima kitambuliwe kwa namba yake ya pekee, si kwa jina tu. Tumejifunza hilo kwa gharama ya watoto wa watu.

Tatu, uchambuzi uanze juu. Wataalamu wetu wa takwimu, ambao wengi ni vijana hodari, waelekezwe kwanza kwenye mikataba mikubwa na zabuni kubwa, kisha washuke.

Nne, dalili isiwe hukumu. Mtu aliyeonyeshwa na mashine aitwe, asikilizwe, na aliyeonewa asafishwe hadharani palepale alipochafuliwa.

Tano, na hili ndilo gumu kwetu, kila anayesimama mbele ya watu na karatasi ya namba ajifunze kunyamaza baada ya kuisoma, na kungoja.

HITIMISHO

Tulirudi katika kata ile. Tulimkuta mama yule shambani, tukamwomba radhi, kisha tukaomba radhi mbele ya mkutano wa kijiji, na mbele ya mwalimu mkuu. Hakutusimanga. Alituuliza kama fedha za miezi iliyopotea zitarudishwa. Tulimjibu kwamba tumeandika, na kwamba tumeambiwa jambo linashughulikiwa. Akatazama ile karatasi mpya tuliyomletea, iliyoonyesha jina la shule yake na namba yake ya pekee, akaikunja na kuifunga kwenye pembe ya khanga yake. Akasema, "Nitaihesabu."

Tunaamini kwamba neno hilo moja lina nadharia nzima ya uwazi. Kompyuta imehesabu, mhasibu amehesabu, mkaguzi amehesabu. Hesabu ya umma haijakamilika mpaka naye ahesabu.